Mfiwa Hajibu

Wasomaji wangu wa kila wiki mtaniwia radhi leo nikiziacha siasa za kaunti na shida ya maji. Muuza kabichi ametutoka. Habari nililetewa kwa simu na mtu aliyekuwa na ukumbi wa video hapa Voi, wa familia ya Kiislamu iliyohamia huku kutoka pwani zamani, ambaye kwa kawaida hucheka kabla hajasalimu. Mara hii alisalimu kwanza. "Ndugu yangu, mwenzetu katangulia. Jana alasiri, kwao Werugha. Kifua kile kile." Nikamuuliza mwenzetu yupi, ingawa nilikwisha kujua. "Yule tuliyemfanyia matanga angali hai," akasema. "Sasa ndiyo ya kweli."

Matanga hayo yanahitaji maelezo, maana walio chini ya miaka thelathini watadhani tulikuwa na wazimu. Ukumbi ule ulikuwa chumba cha mabati nyuma ya soko, televisheni moja, madawati ya kuazima, na feni iliyozunguka ikipenda. Kombe la mabingwa wa Ulaya ndilo lililokuwa kalenda yetu. Mechi za makundi zilianza tukingojea mvua za vuli, na fainali ilitukuta masika yakiishia. Kati ya hapo mtu aliweza kukuambia mwanawe alizaliwa lini kwa kutaja robo fainali. Na palikuwa na desturi ambayo sijaisikia penginepo: timu kubwa ikitolewa, asubuhi yake sokoni ilifanyiwa matanga. Jezi ililazwa ndani ya kreti la nyanya, kreti likabebwa mabegani mpaka kwenye lango la soko, na shabiki wake sugu akakalishwa kwenye benchi kama mfiwa. Hatukuigiza sala wala dua, hilo tulikubaliana Wakristo na Waislamu tangu mwanzo. Kilichosomwa ni wasifu wa marehemu tu, yaani wa timu, na msomaji nilikuwa mimi kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuandika magazetini. Waombolezaji walimletea mfiwa chai na mahamri. Sheria ilikuwa moja: mfiwa hajibu. Umtanie, umdhihaki, umkumbushe penalti zote zilizopaa, yeye ale mahamri yake anyamaze.

Muuza kabichi aliteremka kila Jumatatu kutoka kwao Werugha, milimani, akakaa mjini mpaka mzigo uishe, na magunia yake ya kabichi na karoti yalikuwa bado na umande yakifika kwenye joto letu. Alikuwa mtu mgumu. Hakumsifu mtu, wala sikumbuki mtu aliyemsifu. Ukimwambia shati lako zuri, alikutazama kana kwamba unataka kukopa. Timu yake ilikuwa moja tu, ile ile, tangu siku ya kwanza alipoingia ukumbini na kukaa mstari wa pili. Sisi wengine tulikuwa na timu ya Septemba na timu ya Mei. Yeye aliumia na ile yake miaka yote, kimya, mikono kifuani.

Msimu ninaousema, timu yake ilifika nusu fainali. Mechi ya kwanza sare, bila bao. Kwenye marudiano walikuwa nyuma mabao mawili na mechi inaelekea ukingoni, stima ikapotea Voi nzima. Tulingoja gizani tukichoka, tukakubaliana kwamba hakuna cha kungojea, tukaenda kulala. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wachache, na mwenye simu hakuwa na haja ya kuuliza jambo analolijua. Asubuhi kreti lilikuwa tayari. Muuza kabichi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi bila kusukumwa, akapokea chai.

Nilianza kwa mzaha kama kawaida. Nikaieleza timu ilivyozaliwa, ilivyonunua washambuliaji vipofu, ilivyoaga. Lakini nilipomtazama pale, sijui ni kwa nini, maneno yakaiacha timu yakaenda kwa mwenyewe. Nikasema: huyu mnayemwona hajahama. Tumehama sote, yeye yupo. Nikasema: hakuna mama wa soko hili aliyejitwisha gunia peke yake huyu akiwapo. Nikasema: kabichi ya juu ya fungu lake ndiyo kabichi ya chini. Wauzaji wenzake wakaacha kucheka. Mama mmoja wa ndizi akasema, "Hapo umesema kweli, ongeza." Nikaongeza. Muuza kabichi alikuwa ameinamia kikombe, na chai ilikuwa imekwisha zamani.

Hapo ndipo mwenye ukumbi alipotoka ukumbini kwake mbio, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Alikuwa amesikia taarifa ya michezo redioni. "Rudisheni maiti!" akapiga kelele. "Wamerudisha yote mawili, wakatia na la tatu! Wamo fainali!" Soko zima likageuka kwa mfiwa. Yeye akasimama polepole, akatoa jezi kwenye kreti, akaikung'uta. Mwenye ukumbi akamkazia macho. "Wewe! Ulikuwa wajua?"

"Nilijua tangu jana. Niko na karedio ka betri."

"Na ukatuacha tukulilie bure?"

"Sasa ningesema aje? Mfiwa hajibu. Si ndiyo sheria yenu?"

Tulicheka mpaka mama wa ndizi akakaa chini. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha ujanja, cha mtu aliyekula mahamri ya bure. Fainali timu yake ilifungwa, tena vibaya, lakini hakuna aliyelichukua kreti. Tulijiona tumekwisha sema yote.

Kosa lile leo haliwezekani. Stima ikipotea, bao linakufikia mfukoni. Ukumbi umekuwa duka la vifaa vya simu, na vijana hutazama mechi kila mmoja na kioo chake, wengine wakiwa wamebashiri timu tano tofauti jioni moja, kwa hiyo hawana wa kumlilia. Siwalaumu, nami natazama kwangu sebuleni. Ila nalikosa benchi. Nawakosa watu ambao kushindwa kwao kulikuwa jambo la mtaa, watu ambao wakiumizwa na timu ya mbali huko Ulaya, jirani aliwapikia chai.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, ukungu umelala kwenye matuta ya mboga na watu wamevaa makoti. Wasifu ulichapwa vizuri, ukasomwa na mpwa wake kwa Kiingereza: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Kabla ya zamu ya marafiki, mjane aliniita kando. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu maishani. "Shemeji," akaniambia, "usitunge mengine. Sema yale ya sokoni."

Nikamuuliza yapi.

"Yale ya kreti. Kila kitu kikimwendea vibaya alikuwa ananiambia hayo. Mvua ikiharibu mboga, ama kifua kikimshika. Anaweka na sauti yako. Ananiambia, mama, nilikuwa najua tumeshinda, lakini yule kijana alikuwa anasema vizuri, nikaona acha amalize."

Nilisimama mbele ya jeneza nikaanza. Hajahama. Tumehama sote, yeye yupo. Hakuna mama wa soko aliyejitwisha gunia peke yake. Kisha nikakwama. Maneno niliyoyatunga mwenyewe yalinipotea, na watu wakadhani ni kilio, na kwa kweli kilio nacho kilikuwapo. Mjane akayasema kutoka kwenye kiti chake, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia: "Kabichi ya juu ya fungu lake ndiyo kabichi ya chini." Nikayarudia baada yake.

Tumelelewa na ile ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, basi tunazibana sifa mpaka mgema amelala ndani ya sanduku hawezi kuharibu kitu. Huyu alisifiwa asubuhi moja, kwa mzaha, kwa makosa, na kabichi yake haikubadilika mpaka mwisho. Kumbe alizibeba sifa zile nyumbani akaishi nazo. Sikuwahi kumpa nyingine, na ningeweza, maana kila Jumatatu nilipita mbele ya fungu lake.

Niliporudi Voi nilipitia dukani kwa mwenye ukumbi. Alikuwa amekaa nje peke yake, miguu imemvimba, siku hizi hatembei mbali na ndiyo maana hakupanda Werugha. Nikamsimulia yote. Akauliza kwa ule utani wake, lakini macho hayakuwa ya utani, "Na mimi je, siku yangu ikifika utanisemea nini?"

Nikavuta kiti. Nikamwambia aagize chai, aikumbuke sheria ya mfiwa, kisha nikaanza.