Risiti Zilizopikia Muthokoi

Ndanu Munguti anapiga magoti juu ya gunia, anashusha miwani nyeusi machoni na kuanza kuchomelea kona ya dirisha. Cheche zinarukia vumbi la Kitengela. Akimaliza, anaigonga kona kwa nyundo, anasikiliza, kisha anacheka.

"Hii hata mwizi ataiogopa," asema, akijifuta jasho kwa leso.

Ni katikati ya mwaka 2006, na karakana yake ya jua kali kando ya barabara ya Namanga haina utulivu. Kila upande nyumba zinachipuka, na kila nyumba inataka madirisha.

Ndanu, mwenye miaka thelathini na tisa, alitoka Mwingi mwaka 1994 kuja kufulia watu nguo. Uchomeleaji alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, alimwachia mashine na binti mdogo, Mumo.

"Watu walisema niuze hiyo mashine," akumbuka. "Niuze, halafu kesho nile nini?"

Leo ameajiri mafundi watano. Usimwone mpole ukadhani ni wa kuchezewa! Hata hivyo, mwezi uliopita nusura karakana ifungwe, na aliyekaribia kuifunga ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianza pale Joram Wahome, kontrakta wa mtaa mpya wa nyumba, alipomletea kazi ya madirisha yote. Ndanu hakuwa amewahi kupata kazi kubwa hivyo. Sharti lilikuwa moja: ajisajili kwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na atoe risiti ya kodi.

Akajisajili. Kisha akachukua bei yake ya siku zote, shilingi 3,820 kwa dirisha, akaongeza asilimia kumi na sita juu yake, akapeleka bei ya 4,431.

Wahome aliguna. "Mama Mumo, hapa umenipiga. Kuna jamaa wa Nairobi ako na 4,100. Nipatie bei ingine kufikia Ijumaa, ama nimpee yeye."

Mwezi huo kazi nyingine ya maana hakuwa nayo. Hii ikienda, mafundi wanaenda nyumbani. Apunguze wapi, basi? Kwenye mishahara? Kwenye unene wa chuma?

"Nilisema heri nikose kazi kuliko kuwekea mtu dirisha ya karatasi," asema. Hasira zote akaielekezea serikali, na usiku huo hakuonja chakula.

Kesho yake Rahab, mwenye duka la hadwea ambako Ndanu hununua vyuma, alipita pale kuagiza mlango wa stoo. Alimkuta Ndanu akiandaa jiko la kupikia mafundi muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kama kawaida yake, Ndanu alikunja risiti kadhaa, akaziwasha kwa kiberiti na kuzisukuma chini ya makaa.

"Haiya! Mama Mumo, unachoma nini?"

"Si karatasi zako za duka tu."

"Ngai! Hiyo ni pesa yako unapikia!"

Rahab alivuta kiti, akamweleza polepole. Vyuma vya dirisha moja anamuuzia 2,320, na ndani ya bei hiyo mna kodi ya 320. Ndanu huilipa dukani, Rahab akaipeleka serikalini. Sasa Ndanu amesajiliwa, kwa hivyo ile 320 anaruhusiwa kuitoa kwenye kodi anayomtoza Wahome.

"Lakini bila risiti," Rahab akamuuliza, "utaonyesha nini? Majivu?"

Ndanu alishika kichwa. Ile 3,820 yake tayari ilikuwa na 320 ya dukani ndani; alikuwa ameweka kodi juu ya kodi!

"Ni kama kuweka chumvi kwa mchuzi tayari iko na chumvi," asema. "Halafu nashangaa mbona mtu anatema."

Wakakaa wakapiga hesabu upya, muthokoi ukitokota. Vyuma bila kodi ni 2,000. Kazi na faida, 1,500. Kodi ya hapo ni 560, dirisha likawa 4,060. Katika ile 560, Ndanu anatoa 320 aliyolipa dukani na kupeleka 240 tu. Hakuna aliyepunguziwa mshahara.

Ijumaa alimfuata Wahome kwenye mjengo, amebeba dirisha la mfano begani.

"Enginia, nilikosea hesabu. Hii ndiyo bei ya ukweli."

Wahome alilitazama dirisha, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Halikulegea. "Sawa, Mama Mumo," akasema. "Anza Jumatatu."

"Nililia hapo hapo kwa mchanga, mbele ya vibarua," asema Ndanu bila haya. "Wacha waone."

Na hiyo kodi, mwishowe humwangukia nani? Wahome humtoza mwenye mradi, mwenye mradi naye huiingiza kwenye bei ya nyumba. Anayenunua nyumba ya kuishi hana wa kumsukumia. Kamba hukatikia pabovu, wahenga walisema.

Ndanu anajua hivyo vizuri, kwa sababu ananuia kusimama hapo mwisho wa foleni. Chama cha akina mama kilimsaidia kununua kiploti Kimuka, na msingi wa vyumba viwili tayari umemwagwa. Faida ya kazi ya Wahome itapandisha kuta.

"Simenti, mabati, kodi yote italala kwangu," asema. Uso hauna uchungu hata kidogo. "Hata madirisha nitajiuzia na risiti, kama mteja mwingine yeyote. Miaka hii yote nimefungia watu madirisha, nikitoka hapa naenda kulala kwa chumba ya kukodi. Wacha na mimi nilipie yangu."