Hitima ya Kila Jumatatu

Nyumba isiyofiwa ikisoma hitima kila Jumatatu, majirani wana haki ya kuuliza nani kafa. Mtaa ule wa Kandahar haukuuliza kwa mdomo, uliuliza kwa macho, na Brekhna aliyahisi mgongoni kila alipotoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shule za wasichana zilifungwa na watawala yeye akiwa darasa la tisa, na sasa alifundisha wasichana kumi na mmoja sebuleni kwao: juzuu mikononi, madaftari ya hesabu chini ya magodoro.

Wiki ya tatu hii Bibi Torpekai, kikongwe wa mtaa huo, alikuwa akija bila kualikwa. Anakaa karibu na mlango, anakunywa chai, anakula haluwa, haulizi kitu. Na mwanawe, Asadullah, ndiye anayezunguka mtaani na askari kusaka madarasa ya siri! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekwisha kupewa hata mto wa kuegemea.

"Mfukuze," mama alinong'ona jikoni.

"Nifukuze mgeni, mama? Kesho mtaa mzima utajua tunaficha kitu."

Siku hiyo wasichana walipoondoka, bibi alibaki. Akavua mtandio wake, akautandaza miguuni pa Brekhna. Mama akajishika mdomo. Kwa Wapashtuni, mwanamke akikuwekea mtandio miguuni, huna ujanja: aombacho utampa, la sivyo utabeba aibu hadi kaburini.

Brekhna alipandwa na hasira. Kumbe hata askari hawahitajiki, kikongwe mmoja na kitambaa chake wanatosha kuifunga shule.

"Bibi, kama umekuja kuniomba nifunge, okota mtandio wako. Hiyo aibu nitaibeba."

"Brekhna!" mama akamaka.

Bibi Torpekai hakuugusa mtandio. "Una kichwa kigumu wewe. Wiki zote hizi nilikuwa natafuta kujua hilo tu, kama wewe ni wa kutishika." Akashusha sauti. "Nina mjukuu, Wagma. Ana miaka kumi na mitatu. Nataka asome."

"Binti wa Asadullah?"

"Wa nani mwingine?"

"Na baba yake akijua?"

"Akijua, mlango wa kwanza kuvunjwa ni huu wako. Sikudanganyi, mwanangu."

Katika yote aliyoyasema kikongwe yule, Brekhna aliliamini hilo moja tu. Akainama, akauokota mtandio, akamfunika nao kichwa.

"Mlete Jumatatu," akasema, na hakuwa amewahi kuogopa vile maishani mwake.