Ngozi Iliyonifanya Nimkimbie Mama Mkwe

Siku mama mkwe wangu aliponikimbiza kwenye mashamba ya Ilembo, kashika ngozi inayofuka moshi mkononi, waliotuona walisema mimi ndo basi tena, nimelaaniwa.

Shida haikuwa ngozi. Shida ni kwamba alikuwa ananitazama usoni.

Sisi Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani hivihivi. Ukimwona anakuja unachepuka njia. Ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mkeo. Tangu nimuoe Lucia, mama yake nilimjua kwa kikohozi na rangi ya khanga zake tu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikianzia mwisho mtaniona chizi.

Naitwa Manyanda. Nalima, na nikitoka shamba natengeneza ngoma. Kwaya za hapa Mpanda zikipasua ngozi wananiletea mimi.

Ngoma yenye ile ngozi niliinunua mnadani Kibaoni, chini ya rundo la viti vibovu. Ndogo, ya kupiga kwa mikono, mti wake mzito, mweusi tii kwa moshi wa miaka. Ngozi ilikuwa imelegea na ina kidonda katikati.

Nikamuuliza muuzaji imetoka wapi.

"Hata sijui, braza. Nilinunua vyombo vya mtu aliyehama, na yenyewe ilikuwemo."

Nikaipenda palepale. Lucia alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za mwanzo zilitoka. Hii ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Nikajisemea, mtoto akilia tu, naipiga hii ngoma mpaka majirani waje kunifunga kamba.

Mama mkwe naye akaja kumwangalia binti yake. Kulala kwangu hawezi, kwa hiyo akafikia kwa jirani yetu Mariana, upande wa pili wa ua wa minyaa. Mimi nagonga ngoma zangu huku, yeye anakohoa kule. Tukaishi hivyo kwa amani kabisa.

Asubuhi moja Lucia akashikwa na uchungu. Mariana akampakia kwenye bajaji kwenda hospitali, mama mkwe akabaki kule kwake kupika uji wa mzazi.

"Baba, wewe baki," akaniambia. "Ukija utatusumbua tu kwa maswali. Subiri simu."

Nikabaki. Nikaona bora nishike kazi kuliko kukaa naangalia simu, nikaivuta ile ngoma.

Nikang'oa vigingi, nikaloweka ngozi, nikaibandua. Juu, pale pa kupigia, ilikuwa imenyolewa. Ila kwenye pindo linaloshuka ubavuni waliacha manyoya, na masizi yalikuwa yamegandamana humo vibaya sana. Nikachukua sabuni ya unga na brashi, nikaanza kusugua.

Masizi yakaanza kutoka.

Chini yake kukatokea rangi ya njano. Nikasugua tena. Kwenye ile njano yakatokea madoa meusi.

Nikaacha kusugua.

Wakati huohuo akaingia Zubery, fundi simu, rafiki yangu, kuja kuulizia habari za Lucia. Hata salamu hakumaliza.

"Oya. Oya Manyanda. Hiyo nini?"

"Ngozi ya ngoma."

"Ngozi ya ngoma nini wewe! Hiyo chui, mwanangu! Hiyo nyara ya serikali!"

"Punguza sauti, Zubery."

"Sauti nipunguze mimi? Hapa Katavi unacheza na chui? Watu wanakula miaka ishirini kwa kipande cha ngozi! Halafu wanafuatilia mpaka simu, zima hiyo simu yako."

"Lakini nimeinunua mnadani..."

"Una risiti?"

Risiti ya ngoma ya mnadani, jamani. Zubery alipoona sina risiti akaniambia hajaona kitu, hakuja, na hanijui. Akaondoka karibu anakimbia.

Nikazima simu.

Sijawahi kuogopa vile. Nikapiga hesabu ya kijinga: mtoto anazaliwa leo, anaanza kutembea, anamaliza shule, na mimi niko ndani. Lucia atamwambia nini? Baba yako alikuwa fundi ngoma?

Kama vile haitoshi, gari la kijani la watu wa wanyamapori likapita barabarani. Lilikuwa linaenda zake, hata mwendo halikupunguza. Ila mimi tayari nilikuwa nimejificha nyuma ya choo.

Nilipotoka huko nikaamua kuichoma.

Nikakoka moto uani, nikaitupa ngozi juu. Nilichosahau ni kwamba nimetoka kuiloweka. Haikushika moto ng'o, ilijikunja tu na kufuka moshi unaonuka hadi mbwa wa mtaa wakaja kusimama getini. Mtu yeyote angepita angejua kuna ngozi inaungua kwa Manyanda.

Nikachanganyikiwa kabisa. Nikaingia ndani, nikabeba begi, nikaweka suruali mbili na sweta. Nilipanga kupanda Mwese, kule milimani nina ndugu. Kule magari hayafiki ovyo. Lucia nitamtafuta baadaye. Ndivyo nilivyowaza, na nilikuwa nalia wakati nawaza.

Nilipotoka mlangoni nikasikia minyaa inavunjika.

Mama mkwe alikuwa anapita katikati ya ua. Hakuzunguka hadi njiani kama watu, kapenya humohumo, utomvu mweupe umemchirizika mikononi. Kichwa wazi. Na macho kanikazia mimi.

"Manyanda!"

Hajawahi kutamka jina langu. Nikafunika uso kwa begi, nikatimua mbio.

Nilikimbia kwa mambo mawili kwa pamoja, serikali na mkwe. Nikakata shamba la mahindi yaliyokauka, nikaruka mfereji, nikajua nimemwacha. Nikageuka kidogo.

Anakuja. Kaiokota ile ngozi kwenye moto, kashika mkono mmoja, mkono mwingine kashikilia khanga isivuke. Mama wa watu ana umri wake, lakini siku hiyo alikuwa anatembeza mguu.

"Simama! Ng'wanawane, mwanangu, simama, mke wako anakufa!"

Nikaanguka palepale kwenye mabua.

Akanifikia, akahema, akapiga magoti mbele yangu. Mimi nimeangalia chini, sithubutu kuinua uso.

"Niangalie," akasema.

"Mama, siwezi..."

"Dhambi hiyo nitaibeba mimi. Niangalie!"

Nikamwangalia. Ana macho kama ya Lucia. Nilikuwa sijui.

"Mariana amekupigia hukupatikana, akanipigia mimi. Lucia anatoka damu. Wanataka ndugu wa kutoa damu, sasa hivi, na mimi umri umepita. Watu wote wako mashambani, sina wa kumtuma kwako. Wewe unakwenda wapi na begi?"

Nikaionyesha tu ile ngozi.

"Nilimsikia rafiki yako," akasema. "Ua ule si ukuta. Sasa sikiliza, maana ukienda huko na hofu hii utaishia njiani. Mimi nimekua zizini. Nikiwa msichana chui aliingia kwa baba yangu, wakamuua, nikamshika kwa mikono yangu. Madoa ya chui yana uwazi katikati. Haya yamejaa. Huyu ni ndama."

"Mbona ni njano?"

Akachota majivu yaliyokuwa yamegandia kwenye ile ngozi, akatema mate, akasugua kwa kidole gumba kwa nguvu. Njano ikaanza kufifia. Chini yake kulikuwa na manyoya meupe.

"Moshi," akasema. "Ndama mweupe wa madoadoa, kakaa juu ya jiko la mtu miaka na miaka. Baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi wa hivi, Manyanda?"

Wengi. Niliwachunga mimi mwenyewe. Hata jina la rangi hiyo ya ng'ombe ninalo kwa Kisukuma tangu sijaota meno. Hofu ilinifuta vyote kichwani, nikabaki na neno la fundi simu.

Nikatupa begi, nikakimbia barabarani.

Bodaboda wa kwanza niliyekutana naye alinifikisha hospitali akiwa anapiga honi njia nzima. Nikatoa damu. Nikawasha simu, nikampigia Zubery, na kusema haki alikuja bila kuuliza, akakunja shati, akatoa na yeye.

Tukakaa. Naomba nisieleze kule kukaa kulivyokuwa.

Mchana ukiwa umeenda sana muuguzi akatoka, akaniambia mama ameokoka na mtoto wa kike ni mzima. Akasema pia tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Mama mkwe alikuwa ameshafika na chupa ya uji. Nilimkuta mwisho wa korido, khanga imefunika kichwa hadi puani, mgongo ameuelekeza kwangu na uso ukutani. Tulikuwa tumerudi kwenye mila yetu.

Nikapiga magoti nyuma ya mgongo wake.

"Asante, mama."

Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Halafu akauambia ukuta, kwa sauti ya kugombeza:

"Mariana, mwambie huyo mtu anywe uji, ametoa damu."

Mariana hakuwepo hata. Nikachukua kikombe, nikanywa.

Ndugu zangu mnaosoma, hofu ikikushika usiulize mwenye hofu kama yako. Tafuta anayekijua kitu chenyewe, hata kama ni mtu uliyezoea kumkwepa njiani. Na kabla hujabeba begi, washa simu. Huenda kuna mtu wako anakutafuta na uhai wake uko mkononi mwako.