Kitambaa cha Mafuta ya Nazi

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria, kiwanda chetu cha nguo pale Gerezani kilikuwa kinauzwa, na meneja alitutangazia kwamba kila idara imwonyeshe mnunuzi faida yake, la sivyo ifungwe. Maabara tulikuwa wawili: mimi na fundi umeme, mzee wa Ilala.

Tulikuwa na cha kuonyesha. Niliyeyusha kwa thina yale mapovu magumu ya kufungia televisheni mpya, yaliyokuwa yametapakaa Kariakoo nzima. Nikachanganya na vitone vya mafuta ya nazi, vidogo hata hadubini ilivitafuta, kila kimoja ndani ya ganda lake la jelatini. Uji huo tuliupitisha kwenye sindano ya hospitali. Umeme mkali, ambao fundi aliutoa kwenye televisheni mbovu, ukauvuta hadi kwenye bati, ukawa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Ukijifunga kitambaa cha nyuzi hizo, mafuta yalinyonya joto la mwili huku yakiyeyuka, na ngozi ikabaki baridi. Niliwakusudia wenzetu wa boila, waliokuwa wakizimia kwa joto.

"Mwanangu, mbona nazi?" fundi aliniuliza. "Si uongeze nta kidogo, yagande vizuri?"

"Nazi ni yetu, mzee," nikamjibu kwa kiburi changu chote.

Mtoto wa pwani mimi, niliyepakwa mafuta hayo tangu utotoni, nilijua fika kwamba huganda wakati wa kipupwe tu. Lakini maabara ilikuwa na kiyoyozi, na humo ndani kipupwe hakikuisha. Nikajisahau.

Wiki ya ukaguzi, kiyoyozi kilihamishiwa nyumbani kwa meneja. Kila mkubwa alikuwa akibeba chake mapema. Ilikuwa Januari. Mnunuzi alijifunga kitambaa mkononi, akangoja, kisha akafutia jasho la uso. Mafuta yalikuwa yameyeyuka tangu asubuhi. Hayakuweza kunyonya kitu tena.

"Dada, hili ni tambara zuri la deki," akasema. Meneja akacheka kuliko yeye. Nilimchukia meneja huyo, na bado namchukia, ingawa kosa la nazi lilikuwa langu.

Maabara ikafungwa, na baadaye kiwanda chenyewe. Mashine zikauzwa kama chuma chakavu, ukumbi ukawa ghala la mitumba, nami nikaajiriwa humo humo kuchambua nguo. Belo la kwanza nililofungua, jasho likinitiririka hadi machoni, lilikuwa la makoti ya theluji.