Taa Iliyoangukia Maji ya Chumvi

Siku moja ndiyo inayonijia, mwanangu, tangu uliponiambia unataka kuweka tangi la samaki wa baharini saluni kwako. Ngoja nikusimulie, halafu uamue mwenyewe.

Nilikuwa nimeolewa Mbinga mjini, bado mgeni katika ile familia. Wifi yangu Adelina alikuwa na mgahawa karibu na stendi, nami nilikuwa namsaidia. Alikuwa ameishi Dar es Salaam, na aliporudi alikuja na tangi la kioo, samaki wa rangi ndani ya ndoo, na mifuko ya chumvi ya kuchanganyia maji. Basi wakulima waliokuja mjini msimu wa kahawa walikuwa wanaacha chai ipoe wakiangalia wale samaki. Mama mkwe, mzaliwa wa Liuli kule ziwani, alikuwa anatucheka.

"Kwetu samaki tunamwangalia akiwa kwenye sahani," alikuwa anasema.

Juu ya tangi ilining'inia taa ndefu ya bati, imeshikwa na vishikizo viwili vya chuma. Waya wake ulishuka moja kwa moja hadi kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, nyuma ya kabati la mbao lililobeba tangi. Yale maji yalikuwa yanatoa mapovu siku nzima na kurusha matone, na matone yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye bati, kwenye vishikizo, hata kwenye waya. Wote tuliiona. Hakuna aliyeuliza.

Alasiri ya siku ninayokusimulia umeme ulikuwa umekatika, na wifi akatumia nafasi hiyo kupiga deki. Umeme uliporudi, taa ikawa inapepesa. Halafu kishikizo kimoja, kilichokuwa kimeliwa na kutu, kikakatika. Taa ikainama, ncha yake ikazama majini. Wifi alikuwa peku juu ya sakafu iliyolowa. Akanyoosha mkono aiinue.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, vidole vimeing'ang'ania ile taa, na kooni mwake ikatoka sauti nzito kama ya mtu anayejaribu kunyanyua gunia. Macho yalikuwa wazi, yananitazama.

Nilitupa sahani nikakimbia kumshika. Sikumfikia. Mama mkwe alikuwa amenidaka kanga kiunoni kwa nyuma, akaizungusha mkononi mwake.

"Usimguse. Zima umeme."

"Niache, Mama, anakufa."

"Ukimshika nitazika wawili. Nenda kazime."

Sauti yake haikupanda. Akanisukuma kuelekea stoo, yeye akasimama mlangoni kuwazuia wateja, mgongo ameupa binti yake.

Swichi kuu ilikuwa ukutani stoo, na sisi tulikuwa tumeiziba kwa magunia ya mchele. Nilipanda juu ya yale magunia kwa magoti, moja likaporomoka nami, nikapanda tena. Mkono wa swichi ulikuwa mgumu. Niliuvuta kwa mikono yote miwili huku nikimwita Mungu. Uliposhuka, nikasikia kishindo kule mbele.

Wifi alikuwa chini. Sasa Mama alikuwa amepiga magoti, ameweka shavu karibu na mdomo wake, anasikiliza. Nyuma ya kabati moshi ulikuwa unapanda. Ekstensheni ilikuwa inayeyuka na mbao zimeshika moto. Mteja mmoja akachota ndoo ya maji.

"Maji bado," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Hatujui kama umeme umekatika kote. Nje kuna mchanga wa mafundi."

Wakaumwaga mchanga kwa mabeseni mpaka moto ukafa. Wifi akakohoa. Kukohoa kule, mwanangu, sijasikia tena kitu kitamu namna ile.

Tulimpeleka hospitali kwenye pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Alikuwa ameshaanza kuongea, anasema amepona, turudi. Mama akakataa. Daktari alimlaza ili auangalie moyo. Alipona, ila vidole viwili vya mkono ule havikunjiki mpaka leo.

Lakini mimi nilimchukia mama mkwe. Nilijiuliza ni mama gani anayempa mgongo mwanawe. Nikawa namwamkia na kupita. Akaligundua, akaniita jikoni.

"Unadhani sikutaka kumshika?" akaniuliza. "Kaka yangu alinaswa na umeme kwenye mashine ya kusaga. Mke wake akamshika. Tuliwatoa wakiwa wameshikana. Mimi nilikuwa nimesimama na unga wangu kichwani, nikaona. Siku ile nilimgeuzia mgongo Adelina kwa sababu ningemtazama, ningemshika."

Nikakaa chini miguuni pake. 

Kwa hiyo, mwanangu, weka samaki wako, sikukatazi. Ila taa iwe na kifuniko na ifungwe imara, isitegemee vishikizo vinavyoliwa na kutu. Soketi iwe ukutani, mbali na matone, na waya uache ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Chumvi ukiiona, chomoa kila kitu, ndipo uifute kwa kitambaa na uache pakauke. Mwambie fundi akufungie swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kabla mkono haujaingia majini, chomoa, hata kama ni kuokota jani. Njia ya kwenda kwenye swichi kuu isiwekwe hata ndoo, na kila msichana unayemwajiri aijue siku ya kwanza. Na ukimwona umpendaye amenaswa, usimguse. Zima kwanza. Hilo ndilo gumu kuliko yote, nami nakuombea usilihitaji.

Mungu aibariki saluni yako, ailinde mikono yako na ya wote watakaoingia mlangoni pako, na jioni kila mmoja arudi kwao mzima.