Mwalimu Hapandishwi kwa Huruma

Nakumbuka mchana mmoja wa baraza la kitivo, mwanangu, enzi nilipokuwa mwalimu msaidizi mdogo kuliko wote, ninayekaa karibu na mlango na kusema tu ninapoulizwa. Siku ile nilisema bila kuulizwa. Nakusimulia kwa kuwa sasa wewe ndiwe mkuu wa kitivo hapa Kisangani, na wiki ijayo mtakaa kuchagua wahadhiri ambao kazi yao kubwa itakuwa kufundisha. Watu wa baraza nawajua, nimekaa nao maisha yangu yote. Watakuvuta huku na huku.

Nafasi kama hiyo ilikuwa ngeni kwetu. Mpaka wakati huo mtu alipanda cheo kwa makala aliyoandika, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyolikimbia darasa la mwaka wa kwanza, likabaki la wasaidizi kama adhabu. Basi chuo kikatupa nafasi moja ya mhadhiri atakayepandishwa kwa ualimu wake na kubaki na wanafunzi wapya. Mimi nilimtaka mzee wetu, Papa Lokwa. Alikuwa mtu wa Yanonge, mtoto wa wavuvi, chef de travaux katika fizikia, cheo ambacho wengi wetu hukwamia kabla ya uprofesa, na ndiye aliyenifundisha. Makala yake yalikuwa machache na mafupi. Kama asingeipata nafasi hii angestaafu na cheo kile kile, na darasa lile lingerudi kwa yeyote aliyeshindwa kulikwepa.

Mtaalamu mmoja wa kemia, Profesa Bosenge, akasema waziwazi kwamba kupendwa na wanafunzi si kazi ya chuo kikuu. Damu ikanichemka. Nikasimama, nikaeleza jinsi Papa Lokwa anavyozeeka akivuka mto kila asubuhi kutoka Lubunga, watoto alionao nyumbani, mke anayeugua, viatu vilivyolika visigino. Nikamalizia kwa neno tunalolipenda mno mji huu: nikasema huyu ni cas social, mtu wa kuhurumiwa. Unalijua. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani, karani asiyefika kazini, tukikosa la kuwatetea tunasema ni cas social, ili shida zao ziseme badala ya kazi yao.

Mkuu wa kitivo wakati ule alikuwa Mzee Ramazani, wa zile familia za zamani za Kiislamu hapa mjini, mpole wa sauti lakini haambiliki akishaamua. Alivua miwani, akanitazama.

“Assistante, ikala,” akasema. “Ule papa hajakufa. Juu ya nini unamulilia?”

Watu wakacheka. Nikakaa, masikio yakiniwaka moto.

“Ulikuwa mwanafunzi yake. Bon, utuambie anafundisha namna gani. Mambo ya viatu yake, tuache.”

Hilo sikuwahi hata kujiuliza. Nikajikokota. Nikasema Papa Lokwa huanza somo kwa swali, na kila mtu huandika jibu lake kabla ya kuelezwa chochote. Alituuliza mtumbwi ukielekezwa moja kwa moja ng'ambo ya Lubunga, bila kuelekeza pua yake upande mto unakotoka, utafika wapi. Wengi tulikosea, ingawa tulivuka kila siku na kuona wapiga kasia wanavyopambana na mkondo. Majibu yetu mabovu aliyaacha ubaoni, akamuuliza kila mmoja alifikirije, mpaka mwenyewe unaona ulipopotea. Nikasema kwamba nilipoingia mwaka wa pili sikuzikariri zile hesabu za nguvu. Nilizielewa.

“Sasa umeanza kusema,” Mzee Ramazani akanikatiza, kisha akamgeukia mwenzake. “Na wewe, Profesa Bosenge, uko na haki. Kupendwa haitoshi. Donc tutaenda kuangalia.”

Akaamua kwamba wajumbe watakaa darasani kwa Papa Lokwa na kwa wagombea wengine pia, wala si kwa kupita tu, na kwamba wanaofundisha mwaka wa pili wataulizwa wanafunzi wa kila mgombea huwafikia wakijua nini. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea kwetu. Profesa kukaa kwenye benchi la mwaka wa kwanza kulikuwa sawa na kushushwa cheo, na baadhi yao walinuna mpaka kikao kikaisha.

Maneno ya barazani hayakai barazani. Kesho yake Papa Lokwa alinikuta kwenye veranda ya kitivo.

“Mama, nimesikia umesema miye niko cas social.”

“Papa, nilitaka kukusaidia.”

“Nafundisha miaka hii yote, watu wanaona viatu tu?” Sauti hakuipandisha hata kidogo. “Kama ni kunihurumia, natosha jina yangu. Wapatie mwingine.”

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi, lakini hakuna tusi lililoniuma kama upole ule. Wema wangu ulikuwa umemvunjia heshima mbele ya wenzake, na sasa alitaka kuliondoa jina lake, akose na nafasi yenyewe. Nikamweleza yote: kwamba mzee alinikalisha, kwamba hakuna tena anayezungumzia shida zake, kwamba watakuja kumpima sawa na wengine na huenda asipate.

“Kumbe wanakuja kuangalia kazi?” akauliza.

“Ndiyo, papa.”

“Alors wakuje.”

Walikwenda. Sitakudanganya kwamba waliona mazuri matupu. Profesa Bosenge alisema barazani, bila kumung'unya maneno, kwamba wanafunzi wa nyuma hawasikii vizuri na kwamba baadhi ya mazoezi yamezeeka. Papa Lokwa akaitwa, akakubali la kwanza, akalibishia la pili kwa hoja, na wakabishana wee, mpaka nikaona Bosenge anafurahia. Waliofundisha mwaka wa pili wakasema wanafunzi wa Lokwa huuliza maswali wakati wengine wanangoja kuandikiwa. Ikapigwa kura, na mkono wa Bosenge ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa. Papa Lokwa akapanda cheo na kubaki na mwaka wa kwanza mpaka alipostaafu, wala hakuna aliyethubutu kusema alisaidiwa.

Kwa hiyo nisikilize. Atakayekuambia huyu ni mwalimu tu, hana maandishi, usigombane naye, muulize ni lini alikaa darasani kwake. Atakayekuambia tumpe tu, ameteseka sana, huyo mnyamazishe upesi zaidi, kwa kuwa anamuua mtu huku akimkumbatia. Mwenye shida tumchangie, tumtembelee, tumpikie. Hayo ni mambo ya nyumbani na sisi tunayaweza. Cheo ni cha kazi. Nenda ukaione, ukae mpaka mwisho wa somo, useme kilicho kizuri na kibovu, na ukishampandisha mwalimu usimwondoe kwa wanafunzi waliompandisha.

Mungu akupe macho ya kuiona kazi ya mtu na ulimi wa kuieleza. Akupe wajumbe wabishi na wakweli. Na siku watakapokuja kukupima wewe, mwanangu, naomba wasikuonee huruma.