Mama Aliyelichunguza Pipa

Juma lililopita nilikuwa katika duka moja la mafuta Mwembe Tayari, nyuma ya mama mkulima aliyetoka Kwale kununua dizeli ya trekta lake. Masika yalikuwa yamekaribia na shamba bado halijalimwa.

Muuzaji alinyoosha mkono apokee dumu. Mama akalikumbatia.

"Kwanza niambie, pipa lako hulala wapi?"

"Hapo uani, mama."

"Limesimama au limelazwa?"

Foleni nzima tukacheka. Aliuliza kama mtu aliyeletewa posa ya bintiye.

"Limesimama. Dizeli ni dizeli, mama. Lete dumu, watu wangoja."

"Nao wangoje." Akatoa kikapuni chupa tupu ya soda. "Nitilie humu kwanza."

Chupa ikajazwa, ikawekwa juu ya kaunta. Mama akakunja mikono, akaikazia macho, nasi tukaikazia. Taratibu, maji yakajitenga chini ya dizeli.

"Mvua hutuama juu ya pipa lililosimama, ikapenya kwenye kizibo," mama akasema. "Trekta likinizimikia shambani, masika yataningoja?"

Akajitanda buibui lake, akabeba dumu tupu, akaenda kutafuta duka jingine.

Sisi wa mjini binti akiposwa twauliza mpaka ukoo wa babu yake bwana harusi, lakini mafuta twayapokea bila swali, mradi dumu limejaa.

"Haya, mwengine!" muuzaji akaita.

Nikageuka. Foleni iliyomcheka mama ilikuwa barabarani, na madumu yake, ikimfuata.